Mkono wa Kulia Mpaka Bafuni

Alikuja kwa wiki mbili. Wakati huo alikuwa fundi wa kushona katika mji mwingine, ana chumba chake cha kupanga, wateja wake, na cherehani ya miguu aliyoinunua kwa jasho lake mwenyewe. Kaka yake alimpigia simu kwamba macho ya mama yamezima kabisa, presha ya macho imemaliza kazi iliyoianza zamani, na kwamba yeye kaka amebanwa mno, basi mdogo wake aje kidogo mpaka mambo yatulie. Akaja na begi moja la safari. Akatoa nguo za wiki mbili, na begi akalipandisha juu ya kabati likiwa na vitu vingine ndani. Miaka kumi na moja baadaye lilikuwa pale pale, limepauka upande ule unaopigwa na jua la dirishani.

Mtaani tulimwita Sindano. Wengine walidhani ni kwa sababu ya kazi yake, wengine kwa sababu ya wembamba wake. Waliowahi kubishana naye walijua sababu ya tatu. Mteja akija kuulizia nguo kabla ya siku aliyopewa, Sindano humwuliza, "Leo ni Ijumaa?" Mteja akikiri kwamba siyo, anajibiwa, "Basi na gauni bado ni kitambaa." Hakuwa mkorofi. Alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja na kulitenda mara moja, na ni watu wa namna hiyo ambao wengine hupenda kuwatwisha mizigo, kwa kuwa hawaitui njiani.

Mama yake alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka thelathini. Alizoea kuamrisha masufuria makubwa na watoto mia nne, na upofu haukumfundisha unyenyekevu hata kidogo. Katika miezi ile ya kwanza lililomshinda kabisa ni kushikwa mkono.

"Mimi si kikapu," alisema. "Kikapu ndicho kinachobebwa."

"Mama, utaanguka."

"Nikianguka nitaamka. Ulipokuwa unajifunza kutembea ulianguka mara ngapi? Nilikufunga kamba?"

Akaanguka mara mbili kati ya mlango wa nyuma na bafu, ambalo lilikuwa uani pamoja na choo. Mara ya pili alipasuka kidevu. Waliletwa wasichana watatu wa kumsaidia, mmoja baada ya mwingine, na wote watatu aliwafukuza kwa kosa hilo hilo la kumshika mkono. Ndipo Sindano alipopata wazo lake. Alichimbia vyuma uani, akavuta waya mnene usawa wa kiuno, kuanzia kwenye ngazi ya mlango wa nyuma mpaka kwenye nguzo ya katikati. Hapo waya uligawanyika. Mkono wa kulia ulikwenda bafuni na chooni, mkono wa kushoto ulikwenda getini. Mama akaushika, akatembea, akafika. Alichosema tu ni kwamba waya una baridi na unanuka kutu.

Basi Sindano akaupandia maua.

Alianza na moja, kwa ajili ya kuficha kutu. Kisha akili yake ya ushonaji, isiyopenda kipande kikae bila kazi, ikamwambia kwamba maua ya kutambaa yanaweza kufanya zaidi ya kufunika waya. Kwa nini kila sehemu ya njia isiwe na harufu yake? Pale bafuni akapanda ule mmea wa majani manene kama ngozi, ambao maua yake hutoka vishada vishada kama yamechongwa kwa nta. Mama alipoyanusa mara ya kwanza alisema, "Hii ni sabuni ya wageni," na mmea ukaitwa Sabuni. Kwenye nguzo ya njia panda akapanda ule ambao maua yake hufunguka meupe jioni, asubuhi yakawa ya waridi, na kesho yake yakawa mekundu. Mama alisimuliwa habari za rangi hizo, akacheka, akauita Kigeugeu. Getini akapanda asumini, ambayo haikuhitaji kubatizwa.

Kazi yake haikuwa ndogo. Kila asubuhi kabla ya kukaa kwenye cherehani alimwagilia maji mashina yote matatu, kisha akafuata waya kwa vidole kama afuataye mshono, akitafuta tawi lililokwenda kombo. Alifungia matawi kwa pindo za vitambaa vya wateja, kwa hiyo ukipita uani kwake uliweza kuona sare ya shule, shela la bibi harusi na pazia la daktari vimefunga waya mmoja. Kigeugeu kilikuwa na nguvu za mwendawazimu, na kila alipokikata kiliacha visiki vyenye ncha ambavyo ilibidi avilainishe kwa msasa visimchome mama. Sabuni ilikuwa kinyume chake. Maua yake yakinyauka hukati kile kikonyo, kwa sababu hapo hapo ndipo hutoa mengine mwaka unaofuata. Ukikikata kwa kupenda usafi, umejinyima mwenyewe. Asumini ikipata vidukari, aliinyunyizia maji ya sabuni ya kufulia na kufuta jani kwa jani.

Watu walikuja kuangalia. Mimi pia nilikwenda. Tulisimama uani tukavuta pumzi, tukamwona bibi kizee kipofu akitoka mlangoni peke yake, taulo begani, kisahani cha sabuni mkononi, anatembea wima kama askari, anafika nguzoni, anakata kulia, anaingia bafuni na kufunga mlango. Tukampigia Sindano makofi. Tukasema ana moyo wa dhahabu, tukasema mtoto wa namna hii ni baraka. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyesema, "Jumapili nitakaa mimi na mama, wewe nenda ukatembee." Sifa ni kamba laini. Humfunga mtu asijue, na anayefunga hajioni kuwa amefunga.

Akafikisha miaka arobaini na sita. Mwaka huo, mwezi wa sita, alipata simu kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa mteja wake zamani, sasa mkuu wa chuo cha ufundi kule alikotoka Sindano. Mwalimu wao wa ushonaji alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka. Walihitaji mtu mwenye mkono safi na mdomo unaoogopwa, na mkuu alisema jina lilimjia lenyewe. Kazi ingeanza Jumatatu ya pili ya Januari. Kulikuwa na chumba katika nyumba za walimu, ghorofa ya tatu, choo mwisho wa korido, mtu mmoja chumba kimoja.

"Kina ufunguo wake?" Sindano aliuliza.

"Chumba gani kisicho na ufunguo, mwenzangu?"

Sindano hakumweleza. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amelala mlango wazi, ili asikie mama akikohoa.

Alikwenda kwa kaka yake, ng'ambo ya pili ya mji. Kaka alikuwa fundi wa friji, mtu mchangamfu, mwenye uwanja mpana uliojaa friji zilizofunguliwa milango kama wagonjwa waliopanua midomo kwa daktari. Watoto wake walikuwa wakubwa na wamekwisha kuhama. Mkewe alifanya kazi duka la dawa, akirudi saa kumi jioni. Vyumba viwili vilikuwa vitupu.

"Mimi sikatai," kaka alisema. "Mama ni wetu sote. Lakini kwangu atatembeaje? Wewe ndiye uliyempandia barabara. Au niihamishe na barabara?"

"Nitaihamisha mimi."

Kaka akacheka. "Haya, mhandisi."

"Nikiihamisha utampokea?"

"Nitakuwa na sababu gani tena? Ihamishe."

Ninataka kuwa mwadilifu kwa kaka huyu, maana hakuwa mtu mbaya. Alileta sukari, alileta mafuta ya taa, alimletea mama redio. Lakini kuna watu ambao wajibu wao huutazama kwa mbali kama mtu atazamaye mvua ya mtaa wa pili. Wanaiona, wanakusikitikia, na wao ni wakavu. Alisema "ihamishe" kwa sababu aliamini haihamishiki.

Sindano hakukata vijiti na kuchomeka ardhini, maana hivyo hufa nusu. Alitumia njia ya kulaza. Unachagua tawi refu lenye afya bila kuliondoa kwenye shina lake. Unalikwangua kidogo upande wa chini kwa wembe, unaliinamisha ndani ya kopo la udongo, unalibana kwa jiwe, unalifukia, na ncha yake unaiacha ichungulie nje. Kisha unangoja. Tawi linaendelea kunyonya kwa mama huku likijifunza kula lenyewe. Baada ya wiki kadhaa unalivuta taratibu. Likija, bado. Likigoma, lina mizizi, na hapo unaweza kulitenga.

Kwa miezi miwili ua ule ulijaa makopo ya maziwa na ya rangi, kumi na nane kwa hesabu yake, na mama alilalamika kwamba anapiga mateke bati kila asubuhi. Mwezi wa nane matawi kumi na mbili yaligoma. Sindano aliyasafirisha kwa mkokoteni mpaka kwa kaka yake. Kule alichimbia vyuma, akavuta waya kutoka mlango wa nyuma, akaweka nguzo ya katikati, akagawa waya mara mbili. Bafu la kaka lilikuwa upande mmoja wa ua na geti upande wa pili, kama kwao. Alipanda Sabuni bafuni, Kigeugeu nguzoni, asumini getini. Kila Jumapili alikwenda kumwagilia na kufunga. Wifi yake alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akamtania.

"Wifi, unatufanyia hospitali ya miti hapa."

"Mgonjwa wake anakuja Januari. Jiandae."

"Mimi niko tayari. Muulize kaka yako kama yuko tayari."

Kufika Desemba, Kigeugeu kilikuwa kimefunika nguzo. Sabuni ilikuwa imepanda waya kwa urefu wa mkono, ikakaribia kutoa vishada viwili. Asumini ilikuwa na maua machache yaliyotosha kunukia jioni. Siku ya mwisho ya ukaguzi wake Sindano alisimama getini, akatazama kazi yake, akaona ni nzuri. Hii sehemu naomba msomaji aikumbuke: alisimama getini.

Jioni ile mama alimwuliza, "Kule bafu liko wapi?"

"Usijali, mama. Kila kitu nimekipanda mahali pake. Sabuni bafuni, asumini getini. Utanusa mwenyewe."

"Upande gani, nauliza."

"Mama, fuata harufu tu. Ni ile ile."

"Haya," mama akasema.

Jumamosi ya kwanza ya Januari wakamhamisha. Jumapili wifi hakwenda popote, akatembea naye bega kwa bega. Jumatatu kaka alikuwapo. Jumanne asubuhi wifi alikwenda kazini, na kaka akafungua geti ili kutoa friji ya mteja, akaipakia kwenye pikapu na kuondoka nayo. Geti akaliacha wazi, kwa kuwa angerudi sasa hivi.

Mama alitoka mlango wa nyuma na taulo lake na kisahani chake cha sabuni. Akashika waya. Akafika nguzoni. Akakata kulia, kama alivyokata kulia kwa miaka kumi na moja. Waya ulipokwisha akanyoosha mguu kutafuta ngazi ya bafu, akaikuta, akashuka. Ngazi ile ilikuwa ukingo wa barabara.

Aliyemwona wa kwanza ni fundi wa baiskeli aliyekuwa na kibanda ng'ambo. Alieleza baadaye kwamba aliona bibi amesimama katikati ya lami na taulo, lori limefunga breki nyuma yake, linapiga honi, na bibi amenyoosha mkono mbele anapapasa hewa.

"Nani kaondoa mlango?" bibi aliuliza.

"Bibi, uko barabarani. Nipe mkono nikuvushe."

"Mkono sikupi. Sogeza bega."

Fundi akasogeza bega, na magari yakangoja.

Jumatano kaka alimrudisha kwa pikapu, mama amekaa mbele, nyuma friji mbili zimefungwa kwa kamba. Sindano alikuwa amekwisha kutoa cherehani nje kuisafisha kwa safari.

"Huyu hapa mama," kaka alisema. "Nusura nizike mtu jana. Barabara yako ya maua imempeleka barabarani kweli kweli."

"Geti alifungua nani?"

"Mdogo wangu, usianze. Ningejuaje kwamba atatoka? Si ulisema atanusa?"

Sindano akafungua mlango wa pikapu, akamsogezea mama bega ashuke.

Alipoondoka kaka, alikaa ngazini karibu na mama. "Mama, Sabuni ilikuwa inanukia. Nimeipanda mimi. Kwa nini ukaenda upande wa pili?"

"Kwani bafu liko upande gani kwake?"

Sindano akafikiri. Ilibidi asimame, ageuze mwili wake, ajiweke mlangoni kwa kaka yake kwa mawazo. Miezi mitano alikuwa akiingia ua ule kwa kupitia getini, kama aingiavyo kila mwenye macho. Hakuwahi hata siku moja kutoka kwenye ule mlango wa nyuma akiwa anakwenda kuoga.

"Kushoto," alisema.

"Basi. Mimi bafu langu liko mkono wa kulia. Hatua kumi na nne mpaka nguzoni, kata mkono wa kulia, hatua tisa, ngazi."

"Na maua?"

"Maua yana nini?"

"Si ndiyo unayoyafuata?"

Mama akacheka, cheko fupi la jikoni. "Mwanangu, ua linanukia ua mzima. Upepo ukigeuka, asumini ninayo kitandani kwangu. Nitaifuata mpaka wapi? Ulidhani nanusa. Mimi nageuka."

"Miaka yote hii?"

"Tangu ulipoweka waya. Maua nayapenda. Nikikaa hapa jioni nayafurahia. Lakini hujaniuliza hata siku moja natembeaje. Watu walikuja wakapiga makofi, na wewe ulifurahi, nikasema muache afurahi."

Nimemlaumu kaka, sasa ni zamu ya Sindano, na sitamwonea huruma, maana yeye mwenyewe hakujionea. Kumtendea mtu wema bila kumwuliza ni namna ya kiburi. Huwa na sura nzuri kiasi kwamba hata anayetendewa huona haya kusahihisha. Swali moja tu, "Mama, unatembeaje?", lingemwonyesha kwamba kilichotakiwa kuhamishwa si maua bali mkono wa kulia, na mama angeweza kupelekwa kule mapema akafundishwa kukata kushoto. Alikuwa na miezi saba ya kuuliza. Aliitumia kulaza matawi kwenye makopo.

Hata hivyo siku zilikuwa bado zipo, chache. Alhamisi alikwenda kwa kaka.

"Wiki mbili tu," alimwambia. "Chukua ruhusa ukae naye, mfundishe mkono wa kushoto. Akili yake ni nzima. Atajifunza."

"Ruhusa naomba kwa nani? Friji zijitengeneze?"

"Basi wifi."

"Wifi yako akikosa wiki mbili, duka halimsubiri. Sikiliza, wala usihangaike. Wewe nenda kazini kwako. Nimeshapata dawa." Akamchukua mpaka kwenye chumba cha mama. Kilikuwa kimefagiliwa vizuri. Kitanda kilitandikwa shuka jipya. Dirisha lilikuwa na nondo. Kando ya kitanda palikuwa na ndoo yenye mfuniko. Mlangoni, upande wa nje, palikuwa na komeo jipya linalong'aa na kufuli limening'inia.

"Mchana tu," kaka alisema. "Sisi tukienda kazini tunafunga. Wifi yako akirudi saa kumi anamfungulia. Chai ipo kwenye chupa, redio ipo, ndoo ipo. Ni kwa usalama wake, dada. Hakuna anayemfunga."

Sindano alishika lile kufuli, akalipima uzito kiganjani kama mtu apimaye kitambaa asichotaka kununua. Aliwaza kuhusu mwanamke aliyekataa kushikwa mkono hata katikati ya lami. Akaliachia.

"Mwambie wifi asante kwa shuka," alisema.

Ijumaa asubuhi alipanda kiti akateremsha begi kutoka juu ya kabati. Alikuta ndani jozi ya viatu vya kisigino vilivyokakamaa, futi ya kupimia iliyokatika kwenye namba sitini, na blauzi moja ambayo yeye mwenyewe, kama fundi, angeona aibu kuishona leo. Akavitazama. Akavirudisha. Kisha akapiga simu.

"Mkuu, siji."

"Umepata kwingine?"

"Hapana. Mama yangu hana wa kukaa naye."

"Si ulisema kaka yako…"

"Nilisema."

"Naelewa, mwenzangu. Lakini wanafunzi wanaripoti Jumatatu, na kuna mtu wa pili kwenye orodha. Nikimpa, nimempa."

"Mpe."

"Una uhakika?"

"Nikikaa kwenye simu nitakuwa sina. Mpe."

Mama alikuwa mlangoni. Vipofu hawanyemelei, lakini Sindano hakuwa amemsikia.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na chuo."

"Ukasemaje?"

"Nimesema siendi. Kaka ameweka kufuli, mama. Alitaka kukufungia na ndoo. Kwa hiyo nimebaki kwa ajili yako…"

"Usimalizie," mama alisema. "Hayo maneno usinitwishe, mimi ni mzee, yatanivunja mgongo. Umebaki. Sema umebaki."

"Nimebaki."

"Umekasirika?"

"Sana."

"Hilo nalielewa. Katengeneze chai."

Alifanya lililo haki, na sitasema vinginevyo. Mtu hapati uhuru wake kwa kumfungia mwingine. Lakini waongo wamezoea kutuambia kwamba ukitenda haki utalala usingizi mtamu, na Sindano hakulala usingizi mtamu. Alijua pia kwamba makopo yangeweza kuanza tena, kwamba mama angeweza kufundishwa mkono wa kushoto, kwamba siku moja kaka angeweza kuona haya. Na alijua kwamba mwalimu mpya wa ushonaji angekuwa kijana, na kwamba vijana hukaa kazini miaka mingi.

Jumatatu saa mbili asubuhi, saa ambayo angekuwa anaripoti chuoni, wateja wawili walikuta cherehani imefunikwa. Sindano alikuwa ngazini kwenye mlango wa nyuma, amejifunga macho kwa kipande cha pazia jeusi, mara mbili. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni yake.

"Nifundishe," alisema Sindano.

"Sasa hivi? Una wateja, nawasikia."

"Leo si Ijumaa. Nifundishe."

"Haya. Shika waya. Usishike kama mwizi, weka mkono juu yake tu. Hatua kumi na nne, zako fupisha kidogo. Halafu kulia. Usivute pua."

Akaenda. Gizani mle njia ilikuwa ndefu kuliko alivyowahi kuiona. Majani ya Kigeugeu yalimgusa kabla hajayategemea. Alikuwa amepotewa na hesabu kwenye hatua ya kumi au kumi na moja. Aliposhika nguzo alisimama. Upepo ulileta harufu kwa nguvu, tamu, ya karibu kabisa, na mwili wake, uliojipandia harufu zile na kuziamini miaka yote hiyo, ukaifuata bila kumwuliza. Alitembea kwa furaha kidogo, hata akaharakisha. Waya ukakoma. Akanyoosha mkono kutafuta mlango wa bafu, akashika chuma baridi chenye kitasa.

"Umefika?" mama aliuliza kutoka mbali.

"Nimefika."

"Wapi?"

Vidole vya Sindano vilikuwa vimezunguka kitasa. Upande wa pili alisikia watu wanapita, viatu vyao, mtu mmoja anamwita mwenzake amngoje. Asumini ilikuwa inamgusa shavu.

"Getini," alisema.

"Nilikuambia mkono gani?"

"Wa kulia."

"Basi rudi nguzoni, uanze tena."

Akaachia kitasa, akatafuta waya, akarudi.